Mtu wa Kuja na Sanduku Letu

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Kibiti)

 

 Wapo wenzetu tulioanza nao mwaka 2015 chini ya mwembe ule, leo hatunao. Mungu awarehemu.

Kamati iliponiita, ilinipa kichwa cha mazungumzo kirefu kama treni ya mizigo: mama anayelea watoto peke yake, na namna anavyogawa muda wake kati ya biashara, mambo ya urembo na kusaidia jamii. Nikawauliza, jamani, mbona hamkuongeza na "mtu wa kuja"? Wakacheka. Lakini hivyo ndivyo ninavyojulikana sokoni. Akitafutwa msusi wataulizana, "Yupi? Yule mtu wa kuja?" Sina ugomvi na jina hilo. Ni kweli nilikuja.

Nilizaliwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora. Wazazi wangu walikuwa katika wale waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, serikali yetu ikawapa mashamba, wengine Ulyankulu, wengine Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 ndipo watu wapatao 162,000 wa makazi hayo walipoanza kupewa vyeti vyao vya uraia, na mimi nikapanda basi kwenda kuchukua cha kwangu. Hapa Kibiti nilikuwa nimeshafika tangu mwaka 2012, kwa ndoa. Ndoa ikaisha mwaka uliofuata. Nikabaki na watoto wawili, begi moja la nguo, na ufundi wa kusuka nilioupata kwa mama yangu. Habari za ndoa zina mashahidi wake na mahali pake, si hapa.

Nimekubali kusimama mbele yenu kwa sababu moja. Jumamosi ijayo tunakaa kikao cha katiba, na katika marekebisho yaliyoletwa kuna kifungu kinachosema hivi: mwanachama asiye na mume na asiye mwenyeji wa hapa, akitaka kukopa zaidi ya thamani ya hisa zake, alete wadhamini wawili wenye shamba au nyumba. Wengine wote waendelee kama zamani, yaani kukopa hadi mara tatu ya hisa, wakidhaminiwa na wenzao wanne wa kundi lao la watu watano. Aliyekileta kifungu hiki ni mama ninayemheshimu sana, na nia yake ni kulinda sanduku. Nami nia yangu ni hiyo hiyo. Kwa hiyo mkiniona nazungumza juu ya nywele na ngoma, mjue nazungumzia kifungu hicho.

Tuanze na biashara. Saluni yangu mnaijua, ni ile ya mabati karibu na stendi. Lakini saluni peke yake hainilishi. Kinacholipa ada ya shule ni kupamba maharusi, na maharusi wanaolipa vizuri wako visiwani, huko deltani, kwa sababu wapambaji wengi wa mjini wanaogopa maji.

Nitawaeleza kazi ile ilivyo, maana wengine mnadhani ni kukaa kitako na kupaka watu wanja. Harusi iko Mbwera, tuseme, au Kiongoroni. Natoka hapa alfajiri na gari la Nyamisati. Shela na vitambaa vya kupambia ukumbi nimevifunga ndani ya mifuko ya nailoni mara mbili, juu yake turubai, maana tone moja tu la maji ya chumvi kwenye shela jeupe na kazi imeharibika. Nikifika bandarini, mwenye mji siyo nahodha, ni maji. Yakiwa yamejaa tunaondoka. Yakiwa yamekupwa tunakaa. Ipo siku mashua ilikaa kitako kwenye tope katikati ya mikoko tangu saa tisa alasiri hadi saa nne usiku, mbu wanatufaidi, na kule ng'ambo bibi harusi kashaogeshwa ananisubiri na hina haijapakwa! Tulifika tukafanya kazi kwa taa za simu mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi bibi harusi alitoka, na watu waliomwona hawakujua kama kulikuwa na tope wala mbu.

Sasa hesabu. Tuseme tumepatana shilingi 150,000. Toa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, toa hina, piko, maua, chakula cha njiani, toa cha msaidizi. Nikirudi na 60,000 mkononi namshukuru Mungu. Na msimu wake ni mfupi, baada ya mavuno ya mpunga na pale fedha za korosho zinapotoka. Mwezi wa Ramadhani hakuna harusi. Masika makali hakuna harusi. Hapo ndipo mkopo wa sanduku letu unaponishika mkono, nanunua kanga na mitandio ya kuuza saluni. Nisingekuwa na sanduku hili ningekimbilia mikopo ile inayoitwa kausha damu, na mnajua wangapi pale sokoni wamekaushwa kweli kweli, vitanda na majiko yamebebwa watoto wakitazama.

Hiyo ndiyo biashara. Tuje kwenye urembo, ambako maneno ni mengi.

Nimesikia ikisemwa kwamba mwanamke anayelea peke yake, akionekana kashona sare kila harusi, yuko mbele kwenye ngoma, anawafundisha mabinti kutembea jukwaani, huyo hana shida, au ana namna nyingine ya kupata fedha. Semeni tu, nimeshasikia mengi. Lakini mimi nawauliza. Mwenyeji akija kukopa, kwanini mnamwamini? Kwa sababu mnamjua mama yake, mnajua minazi ya babu yake iko wapi, mnajua hata akikimbia atarudi kwenye msiba. Mimi mtaniaminia wapi? Sina mnazi, sina kaburi la babu hapa. Ikabidi nijulikane kwa macho. Nikavaa sare na ninyi, nikacheza na ninyi, nikatuza maharusi wenu, nikakaa jikoni kwenye shughuli zenu hadi macho yakawa mekundu kwa moshi. Baada ya miaka mitatu mtu akaanza kusema, "Aa, yule namjua." Neno hilo, mama zangu, ndilo lililonipa udhamini wa kwanza. Ile sare ya shilingi elfu ishirini ilikuwa dhamana yangu.

Na jambo hili siyo geni katika pwani yetu. Tazameni Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, lakini asili ya wazazi wake ni huku kwetu Rufiji. Aliolewa akiwa binti mdogo na mtu aliyemzidi sana umri, wakaachana naye akiwa na mtoto mmoja wa kike. Baadaye aliolewa tena. Lakini jina lake mjini hakulipata kwa mume. Alilipata kwenye ngoma, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. Vikundi vile vilikuwa na sare, vilishindana kwa nyimbo na mavazi, na wanachama wake walizikana na kuozana. Kwa maneno mengine walikuwa na mfuko wa jamii kabla yetu. Basi mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, Bibi Titi hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa ngoma. Katika miezi michache wanawake 5,000 wakawa wamejiunga. Wale waliowaona ni watu wa anasa tu, wavaa kanga na wapiga vigelegele, walikuwa tayari wamejipanga, wanajuana na wanaaminiana kwa fedha.

Mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yeye ndiye akawa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1965 akaja kugombea ubunge hapa Rufiji, enzi za alama za jembe na nyumba, akashindwa. Huku ndiko asili yake, lakini kwenye sanduku la kura hakupata. Kuwa mwenyeji nako, mama zangu, hakuna mwenye hakika nako.

Liko jambo jingine lake ambalo wachache hulisema. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, viongozi walikatazwa kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alijiuzulu nafasi yake katika chama. Wapo waliomhukumu kwa hilo mpaka leo, kwamba alipenda mali. Sitaingia kwenye siasa zake, wala kesi ya uhaini iliyomfunga na msamaha wa mwaka 1972 uliomtoa. Alifariki Johannesburg mwaka 2000 na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Ninachotazama mimi ni ile nyumba. Mwanamke aliyeachika kijana, asiye na urithi mkubwa, anajua kodi ya chumba kimoja ina maana gani mwisho wa mwezi. Namwelewa kuliko wanavyomwelewa wanaume walioandika habari zake.

Sasa mashindano yenyewe ya mabinti. Miss Tanzania ya kwanza ilikuwa mwaka 1967, kisha mashindano yakasimamishwa kwa miaka mingi, yakarudi mwaka 1994. Tangu yarudi mpaka leo wazee wetu wanasema ni kuwavua nguo watoto. Mimi siwabezi wazee. Tulipoanza mashindano yetu madogo hapa, nilikwenda kwa masheikh na kwa mwinjilisti kabla sijaenda kwa mwenye ukumbi. Tukakubaliana: hakuna vazi la kuogelea, mavazi ni ya ukili, kanga na vitenge vya kubuni wenyewe, wazazi wanakaa mstari wa mbele, na nusu ya alama ni maswali. Mwaka wa pili binti mmoja alitoka na gauni la milala lililofumwa na bibi yake, mshono wa mkeka wa Rufiji toka shingoni hadi miguuni. Ukumbi ulisimama. Baada ya hapo bibi yule alipata oda za vikapu ambazo hajawahi kuziona, na sasa ni mwanachama wetu, yule pale anajificha nyuma ya nguzo.

Yupo mwenzetu mmoja katika fani hii ambaye namtaja daima kwa mabinti. Flaviana Matata alitawazwa Miss Universe Tanzania mwaka 2007 akiwa amenyoa nywele zote, jambo ambalo kwangu msusi ni hasara, lakini akafika kumi bora huko Mexico. Mama yake alifariki katika ajali ya meli ya MV Bukoba, Mei 1996, yeye akiwa bado mtoto mdogo. Akahamia Afrika Kusini, kisha New York, akafanya kazi ugenini ya kuonyesha mavazi, akafungua biashara yake ya rangi za kucha. Mwaka 2011 akaanzisha taasisi inayosomesha mabinti na kushughulikia taulo za kike, nayo imefika hadi shule ya msingi ya Msinune upande wa Bagamoyo, mkoa wetu huu huu wa Pwani. Aligawa pia maboya ya kuokolea maisha Ziwa Victoria. Sisi tunaopanda mashua za Nyamisati bila boya hata moja, tunajua zawadi hiyo ina uzito gani. Mambo ya nyumbani kwake ni yake. Ninachosema ni kwamba uso wake ulipata jukwaa, jukwaa likaleta biashara, na biashara ikanunua maboya. Ukikata kamba moja, zote zinalegea.

Kwetu huku ni kidogo kidogo. Viingilio vya mashindano vinanunua taulo za kike kwa shule mbili. Binti anayekosa shule siku nne tano kila mwezi, akifika darasa la saba amepoteza masomo mengi, halafu tunasema hana akili.

Lakini nisiwafiche. Kusaidia kuna gharama, na kwa mtu wa kuja gharama ni kubwa zaidi, kwa sababu haruhusiwi kukataa. Mwenyeji akisema sina, ni sina. Mimi nikisema sina, ni "unaona, hana utu, si mtu wa hapa." Ndio maana nilishukuru sana kikundi kilipotenga mfuko wa jamii mbali na mfuko wa mikopo. Nikaanza kujibu, "Nimeshatoa kwenye mfuko, nenda kwa katibu." Mtaji wangu ukapona.

Mfuko huo tuliupima mara mbili. Mara ya kwanza mwaka 2017, kipindi kile cha mauaji. Viongozi wa vijiji walikuwa wanauawa milangoni kwao, na Aprili 13 wakauawa askari polisi wanane kwa siku moja. Mnakumbuka. Pikipiki zilizuiwa usiku, saluni nikafunga saa kumi, mtu yeyote mwenye lafudhi ya mbali akatazamwa mara mbili. Mimi na lafudhi yangu hii! Majirani watatu, wanachama wa kikundi hiki, walikuwa wakija kulala kwangu kwa zamu ili mtu yeyote akiuliza wajibu wao. Sitawataja, wanajijua. Na wajane wa wakati ule, waliobaki na watoto bila kutarajia, tuliwapokea humu kwa nusu ya kiingilio. Waulizeni leo ni wenyeji au ni watu wa kuja. Ni wenyeji. Ila hawana mume. Na mashamba ya korosho yako kwa mashemeji.

Mara ya pili ni mwaka 2024. Mto ulifurika Aprili, mashamba ya mpunga na mahindi ya Rufiji na Kibiti yakazama, kisha Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika. Hapo ndipo ninapotaka tukitazame vizuri kifungu cha Jumamosi. Kinataka mdhamini mwenye shamba. Haya, Aprili ile shamba lilikuwa wapi? Lilikuwa chini ya maji pamoja na jembe. Waliorudisha mikopo mwezi ule ni nani? Mweka hazina ameniruhusu kusema, bila majina: muuza sambusa, muuza samaki wakavu, fundi cherehani, msusi. Watu wa mikono. Wenye mashamba tuliwasogezea muda wa marejesho, na tulifanya haki kabisa. Sisemi shamba si kitu. Nasema tusilifanye ndilo kipimo pekee cha uaminifu.

Halafu tujiulize, shamba ni la nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Kwenye karatasi. Lakini korosho zikiuzwa ghalani, fedha inaingia kwenye akaunti ya nani? Kwa hiyo mwanamke akitafuta wadhamini wawili wenye shamba, atawapata kina nani kama si wanaume? Na mwanamume akidhamini mwanamke asiye na mume, mjini hapa yatasemwa maneno gani? Mnajua yatakayosemwa. Wengine watalipa udhamini ule kwa namna tusiyoitaka. Kifungu hiki kimeandikwa kwa ajili yangu mimi mtu wa kuja, lakini kitawakamata watoto wenu wa kuwazaa, siku wakirudi nyumbani na mabegi yao kutoka kwa waume wa Mbagala na Mtwara, wameshahama, shamba limeshagawiwa kaka zao.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inatutaka tusajiliwe, na tumesajiliwa. Fedha ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia nne ya wanawake, tunaiomba kwa jina la kikundi. Afisa wetu yuko hapa, namwomba atuambie Jumamosi kama fomu yake ina mahali pa kuuliza mume.

Kwa hiyo nimeandika pendekezo langu nimpe katibu, lisomwe pamoja na lile jingine. La kwanza, mwanachama mpya yeyote, mwenyeji au mgeni, mwenye mume au asiye naye, anunue hisa miezi sita mfululizo na ahudhurie vikao kabla hajakopa zaidi ya hisa zake. La pili, wadhamini wabaki wale wenzake wanne wa kundi, kama zamani, maana ndio wanaopita mlangoni kwake kila siku. La tatu, tuweke kiwango cha michango ya sherehe na sare kwa mwaka, mtu asilazimike kukopa ili aonekane. Hili la tatu najua fundi cherehani hatalipenda, na mimi mwenyewe litanipunguzia maharusi wawili watatu. Haidhuru.

Kikao ni saa nane mchana, siyo saa tisa. Wenye funguo tatu za sanduku wafike mapema, na mweka hazina aje na daftari la mwaka 2024, ukurasa wa Aprili na Mei, usomwe mbele ya wote kabla hatujapiga kura.

Naona mama mpishi ananionyesha mwiko.